Kijerumani cha ukubwani: kusoma naweza, kusikia nimekwama. Wadau wa Mombasa mlifanyaje?

FundiWaBombolulu

Asalaam alaikum wadau, na habari za jioni kwa wote.

Mimi ni fundi wa friji na viyoyozi, nina miaka 39, mke na watoto watatu. Kijerumani nilikianza miaka miwili iliyopita, jioni baada ya kazi. Mwaka jana nikapanda basi la usiku hadi Nairobi, nikafanya mtihani wa B1, ngazi ya tatu kati ya sita, pale Goethe-Institut, taasisi ya Wajerumani ya lugha na utamaduni. Matokeo: kusoma 77, kuandika 66, kuzungumza 63, kusikiliza 43. Kila sehemu huhesabiwa peke yake na ya kupita ni 60 kwa 100, kwa hiyo nina deni moja tu, la masikio.

Nimekaa nikajichunguza, nikaona tatizo liko hivi. Nikisikia sentensi naipitisha safari ndefu: kwanza naipeleka kwa Kiingereza, maana vitabu vyote nilivyosomea vinaeleza kwa Kiingereza, halafu kutoka huko naileta kwa Kiswahili ndipo naelewa. Nikifika, msemaji yuko sentensi ya tatu. Kituo nilichosomea tulikuwa zaidi ya thelathini darasani, kazi ni kujaza nafasi zilizoachwa wazi, na sauti tulisikilizishwa mara moja kwa wiki kutoka kwa simu ya mwalimu. Sarufi nilipata, nashukuru. Sikio halikufunzwa.

Muda nilio nao ni saa moja alfajiri kabla ya kazi, na ule wa kwenye matatu. Bando langu ni dogo. Nawaomba waliokisoma wakiwa watu wazima, wana kazi na wana nyumba, waniambie kilichowafaa. Programu za simu msinitajie, ninazo sita tayari.

MwalimuWaKibokoni

Kaka fundi, kwanza hongera. 77 ya kusoma kwa mtu anayeshinda juu ya ngazi si jambo dogo.

Nimefundisha watu wazima Kijerumani hapa mjini miaka mingi, na hilo la kupitia Kiingereza ndilo ninalopigana nalo kila muhula. Mswahili ana vitu vingi vya Kijerumani ndani ya nyumba yake, ila anakwenda kuviazima kwa jirani.

Chukua matamshi. Ile *ch* ya *Buch*, *Nacht*, *acht*, wengi huniambia "nakt". Wewe unasema kheri na khamsini tangu utotoni. Ni sauti hiyo hiyo, itoe kama ulivyofunzwa chuoni. Ya *ich* ni nyingine, nyepesi, inatoka mbele: sema "hi" kwa kunong'ona, ulimi ukikaribia kaakaa. Na *ü*, sema "i", ulimi usiondoke pale ulipo, kisha zungusha midomo kama unayepiga mbinja. Usidhani haya ni mapambo. *Schon* ni tayari, *schön* ni nzuri, na kama mdomo wako hauzitenganishi, sikio nalo halitazitenganisha. Wengi wanaoniambia hawasikii, ukichunguza utakuta hawatamki.

Halafu ngeli. Watu wanalia na *der, die, das*, tatu tu, sisi tuna ngeli zaidi ya kumi na hatujawahi kulia. Hakuna mtoto wa Mvita aliyekalishwa akakariri kwamba kisu ni KI-VI. Alisikia "kisu changu kikali kimepotea" mpaka ile *ki* ikashika, na siku akisema "kisu yangu" bibi yake anamrekebisha papo hapo. Mezani Wajerumani wana *der Löffel*, *die Gabel*, *das Messer*: kijiko, uma, kisu, kila kimoja upande wake. Sababu usiitafute. Usikariri neno pweke, kariri kipande kizima, *mein scharfes Messer*, *die kleine Gabel*, ukikisema kwa sauti, na wingi wake ukiujua pamoja nalo, vile vile unavyojua kisu na visu. Yenye kanuni yashike kwa kanuni: yanayoishia *-ung*, *-heit*, *-keit* na *-schaft* ni *die*, ya *-chen* na *-lein* ni *das*, ndiyo maana hata *Mädchen*, msichana, ni *das*.

Sasa sikio. Deutsche Welle wana idhaa ya Kiswahili tangu 1963. Hao hao, kwenye tovuti yao ya kufundisha Kijerumani, wanatoa bure habari zinazosomwa polepole, zinaitwa *Langsam gesprochene Nachrichten*, maandishi yake yako hapo. Fanya hivi. Jioni sikiliza habari za dunia kwa Kiswahili, ujue nani kagombana na nani, uchaguzi uko wapi, mafuriko wapi. Alfajiri yake chukua habari moja tu ya Kijerumani, nusu dakika au zaidi kidogo. Isikilize bila maandishi. Rudia, sasa ukiandika kila unachosikia, na usimamishe unapotaka. Kisha linganisha na maandishi yao, na hapo usiharakishe. Kila kosa liulize: neno hili silijui, au nalijua ila sikulisikia? Kwa mtu wa 77 ya kusoma, mengi yatakuwa ya aina ya pili, na hayo dawa yake ni moja, kuyasikia tena mpaka yafunguke. Mwisho lisome kwa sauti pamoja na msomaji, umfuate kama maamuma nyuma ya imamu, humtangulii wala hubaki mbali.

Kwa kuwa ulishajua habari yenyewe kwa Kiswahili, Kiingereza hakitapata nafasi ya kuingia kati. Sauti unapakua mara moja, bando halitakusumbua.

BintiTudor

Mwalimu shikamoo. Naomba nitofautiane kidogo. Mimi Kiingereza kilinisaidia sana mwanzoni. *Wasser*, *Haus*, *Finger*, *trinken*, *Butter*, maneno kama mia tatu nimeyapata bila kutoka jasho kwa sababu lugha hizi mbili ni ndugu. Kumwambia mtu akiache ni kumnyima mali yake.

MwalimuWaKibokoni

Marahaba binti yangu. Uko sawa, msamiati tukope huko, ila tukague: *Gift* ni sumu, *bekommen* ni kupata, *also* ni "kwa hiyo". Ninachokataa kukopa ni mpangilio wa sentensi. *Ich rufe dich morgen an*, nitakupigia simu kesho, kitenzi kimekatwa vipande viwili, kingine kimekaa mwisho kabisa. Ukisema *weil*, yaani kwa sababu, kitenzi chote kinakwenda mkiani: *weil mein Bruder krank ist*, kwa sababu kaka yangu ni mgonjwa. Mtu anayetafsiri neno kwa neno kwa Kiingereza hawezi kungoja mpaka mwisho, anakata tamaa katikati. Kungoja huko ndiko anakofeli kaka yetu kwenye kusikiliza.

Nesi_wa_Likoni

Nawasalimu kutoka Bayern, Ujerumani. Mimi ni muuguzi, mtoto wa Likoni, nimefika huku nikiwa na miaka 36 na cheti changu cha B2, ndicho kinachotakiwa kwa kawaida kwa kazi yetu. Uzi huu nimeusoma mara mbili nikiwa mapumzikoni, kuna jambo lazima niliseme kwa sababu hakuna kitabu kilichoniambia.

Ukiulizwa kwa kukanusha, Kiswahili na Kijerumani vinajibu kinyume. Mtu akikuuliza "Hujala?", na kweli hujala, unasema "Ndiyo, sijala". Unakubaliana na maneno yake. Mjerumani anasema *Nein*, maana anajibu tendo lenyewe, kula hakukuwepo. Na kama umekula, hasemi *Ja*, wana neno la kazi hiyo peke yake, *Doch*. Miezi yangu ya kwanza, asubuhi moja, mwenzangu aliniuliza juu ya mgonjwa aliyekuwa anakwenda kupasuliwa: *Hat er noch nichts gegessen?* Hajala kitu bado? Nikajibu *Ja*, moyoni nikimaanisha ndiyo, hajala. Yeye akaelewa amekula. Mgonjwa wa kupasuliwa hatakiwi kuwa na chakula tumboni, kwa hiyo mambo yote yalisimama tukaanza kuulizana upya. Tangu siku hiyo sijibu kwa neno moja. Nasema sentensi nzima: *Nein, er hat nichts gegessen.* Nawasihi mnaokuja kwenye kazi hizi, lifanyieni mazoezi hilo mkiwa bado nyumbani, ulizaneni jikoni, "Hujafunga mlango?", mjibizane kwa Kijerumani mpaka *Doch* itoke yenyewe.

Cha pili, vile vineno vidogo, *mal*, *doch*, *ja*, ambavyo darasani wanaviruka. Huku vimejaa katika kila sentensi. *Warten Sie mal*, hebu subiri. *Komm doch mit*, twende basi. Nilipoacha kuvitafutia tafsiri ya Kiingereza nikavisikia kama hebu na basi zetu, nikaanza kuelewa mtu ananiomba, ananishawishi au amekasirika. Hebu na basi nazo ukiziondoa kwenye Kiswahili, maneno yanabaki makavu, si ndiyo?

Cha tatu ni simu. Hakuna uso, hakuna mkono, ni sauti tupu. Kaka fundi, kama unaweza, mtafute mtu mzungumze kwa simu na si kwa vidio, hata dakika kumi. Mimi nilikuwa nikirekodi kwa sauti yangu taarifa ya kukabidhiana zamu, *Übergabe*, kila usiku kabla ya kulala: mgonjwa nani, kalalaje, kala nini, anaumwa wapi. Sentensi kumi zile zile, kila siku nabadilisha mgonjwa. Wewe fanya za friji.

Na lahaja ipo, msishangae. Wazee wa huku ukimletea chakula hakitaki anakwambia *I mog ned*, na ile *ich mag nicht* uliyofundishwa huisikii hata kidogo. Mkate mdogo wa asubuhi vitabuni ni *Brötchen*, hapa ni *Semmel*. Kwa hilo hakuna maandalizi ya nyumbani, ni kukaa nao. Wakiona unajaribu wanapunguza mwendo.

Tangu Kenya na Ujerumani watie saini mkataba wa wafanyakazi Septemba 2024 napokea ujumbe kila wiki, "dada, kozi gani ya haraka?" Cheti cha kukariri majibu kinakuvusha uwanja wa ndege. Wodini unabaki wewe na masikio yako, saa sita za usiku, na bibi wa miaka themanini anayekuita.

MzeeWaFukwe

Vijana wangu hamjambo. Mimi nimeendesha magari ya watalii tangu miaka ya themanini, Diani, Bamburi, Malindi, Tsavo. Kijerumani changu nimekiokota kwa wageni, darasa sikuliona. Naongea bila kusita na naelewa karibu kila kitu, lakini *der* na *den* na *dem* kwangu zilikuwa kitu kimoja kwa miaka ishirini, kwa sababu mgeni hakurekebishi. Amekuja kupumzika, amefurahi umemsalimu kwa lugha yake, atakusifu na kukuacha na kosa lako. Kwa hiyo wanaosema nenda ufukweni uzungumze na Wajerumani wanasema nusu ya jambo. Nusu ya pili nimeipata kwa mzee mmoja Mjerumani aliyehamia Mtwapa. Tulipatana: nusu saa tunaongea Kijerumani, nusu saa Kiswahili, na kila mmoja ana ruhusa ya kumkatiza mwenzake. Yeye akisema "gari kubwa yangu yuko wapi" namsimamisha. Mimi nikisema *mit der Auto* ananisimamisha, *mit dem Auto*, kwa gari. Mwaka mmoja wa nusu saa mbili kwa wiki ulinisahihisha kuliko miaka ishirini ya ufukwe.

Tena na saa, jamani. *Halb sechs* haimaanishi sita na nusu, ni nusu ya kuelekea sita, yaani saa kumi na moja na nusu kwa saa yetu. Kuna kugeuza mara mbili hapo, nusu yao na saa yetu, na mtu wa pwani anaweza kuteleza kote kuwili. Niliwahi kufika hotelini saa kumi na mbili na nusu, wageni wa Tsavo wamesimama na mabegi yao getini kwa saa nzima, mama mmoja ana mtoto mgonjwa. Sikuisahau sura yake. Saa jifunzeni kwa kutazama mshale ukutani mkasema moja kwa moja *halb sechs*, msihesabu. Namba nazo vivyo hivyo, *fünfundzwanzig* ni tano-na-ishirini. Chumba 25 na chumba 52 huchanganywa kila siku.

Na msikubali kuambiwa umri umepita. Krapf, mmisionari Mjerumani aliyekuja hapa Mombasa mwaka 1844, alikuwa na miaka 34. Alishajua Kiarabu, akapandia hapo kuingia Kiswahili, akakaa na wenyeji, akaanza kufasiri Biblia kwa msaada wa Kadhi wa Mombasa mwaka ule ule, ndio huo huo aliomzika mkewe na mtoto wake mchanga upande ule wa Nyali. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapwa London 1882, yeye keshafariki mwaka uliotangulia. Kama yeye aliweza kuja kwetu, na sisi tutaweza kwenda kwao. Hata shule mnayowapeleka watoto ni *Schule*.

FundiWaBombolulu

Mzee wangu shikamoo, dada nesi, mwalimu, Mungu awalipe. Hili la *Ja* na *Nein* limenigusa, nimekwenda kutazama zoezi la kusikiliza nililofeli, kuna swali moja nimelikosa kwa hilo hilo. Sasa jamani maneno. Nasoma leo ishirini, keshokutwa nimebaki na matano. Mnayashikaje?

MwalimuWaKibokoni

Kusahau ndiyo kawaida ya kichwa, Mjerumani Ebbinghaus alijipima mwenyewe akaandika hayo 1885. Dawa pia imetoka kwao, sanduku la Leitner, lilijulikana miaka ya 1970. Tafuta boksi la viatu, ligawe vyumba vitano. Kadi mpya chumba cha kwanza, kila siku. Ukiijua inasogea cha pili, unaitazama baada ya siku mbili tatu, kisha wiki, na kuendelea. Ukikosea inarudi cha kwanza. Hakuna bando wala chaji. Ila kwenye kadi usiandike neno na tafsiri. Andika sentensi yenye pengo, upande wa pili neno na *der/die/das* yake. Na kumi kwa siku zinatosha, ishirini umejipakia mzigo.

BintiTudor

Nami naongeza moja: msiache "nyumbani" iwadanganye. Sisi niko nyumbani na naenda nyumbani ni neno moja. Wao *ich bin zu Hause*, *ich gehe nach Hause*. Nilikosea hili mpaka B2.

FundiWaBombolulu

Wadau, ni wiki ya tisa leo tangu nifungue uzi huu, nimeona niwape ripoti.

Programu nimefuta tano. Kila alfajiri nafanya habari moja kama alivyosema mwalimu. Wiki mbili za kwanza zilikuwa ngumu, katika sentensi nne naandika maneno kumi na moja, mengine matupu. Wiki ya tano nikaona daftari linajaa. Ninachokosa sasa ni miisho, *einen* naisikia *ein*, na vile vipande vya kitenzi vinavyokuja mwisho. Kwenye matatu nasikiliza ile ile ya asubuhi, siongezi mpya. Kadi niko karibu mia nne. Jumamosi saa kumi na nusu alasiri tunakutana watu wanne Mama Ngina, tunakaa ukutani kutazama meli, saa nzima hakuna Kiswahili wala Kiingereza, na kila mmoja ana zamu ya kusahihisha. Mzee wa Fukwe alikuja mara mbili, tunamshukuru.

Jambo lililonileta leo ni hili. Jumanne alinipigia mteja wa Mtwapa, Mjerumani, mzee wa makamo, namba yangu kapewa na mlinzi wake. Kaanza kwa Kiingereza kibovu, anatafuta neno halipati. Nikamwambia *Sie können Deutsch sprechen*, unaweza kuongea Kijerumani. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia yote: *Der Kühlschrank brummt, aber er kühlt nicht mehr.* Friji inanguruma lakini haipoozi tena. Wadau, sikuipitisha popote. Niliisikia friji yenyewe. Nikamuuliza tangu lini, nikamuuliza kama nyuma kuna joto, akaenda akashika, akarudi akaniambia. Nilipofika kwake nilishajua nimebeba nini.

Pale kwake ndipo nilipokwama, nilitaka kumwambia gesi imepungua. Nikasema *Gas*, akashtuka, akatazama jiko. Ikabidi nionyeshe kwa mkono. Mwalimu, neno lenyewe ni lipi? Fomu ya mtihani nimeshajaza, ni sehemu ya kusikiliza peke yake.

MwalimuWaKibokoni

*Kältemittel*, kaka. *Kälte* ni baridi, *Mittel* ni kitu cha kufanyia jambo, dawa hata. Maneno yakiungana la mwisho ndilo linalotoa ngeli, na *Mittel* ni *das*, kwa hiyo *das Kältemittel*. Mwambie *Es fehlt Kältemittel*. Liandikie kadi leo, na Jumamosi uwaeleze wenzako friji inavyofanya kazi, mwanzo hadi mwisho. Nitakuja kusikiliza.